Jina na Namba: Historia ya Kodi ya Nyumba na Daftari Lake, Kutoka Kibanda hadi Lupango

0. Utangulizi

Katika masanduku ya bati ya wazee wa Lubumbashi, chini ya vitenge na picha za ndoa, hukutwa mara nyingi bahasha moja iliyochakaa. Ndani yake mna karatasi za kodi. Nyingine zimehesabiwa kwa faranga za wakati wa Wabelgiji, nyingine kwa zaire, nyingine kwa faranga ya Kongo iliyoanza kutumika mwaka 1998. Wenye sanduku hawajui daima karatasi hizo zinathibitisha nini, lakini hawathubutu kuzitupa. Hofu hiyo si ushamba. Ina sababu, na sababu yake ni ya kihistoria.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi kodi ya nyumba ilivyoingia katika nchi za Kiswahili, na hasa jinsi daftari la kodi hiyo lilivyoandikwa. Hoja yetu ni moja: huku kwetu Kongo, kitabu cha mlipaji na kitabu cha mwenye haki vilianza vikiwa vitabu viwili tofauti, vikiwekwa na watu tofauti kwa ajili ya watu tofauti. Asiyejua jambo hilo aweza kulipa miaka thelathini, kisha siku ya ugomvi asilione jina lake mahali alipodhani limeandikwa. Kwa kuwa bulletini hii ni ya lugha, tutaanza na maneno.

1. Maneno yaliyotangulia

Kiswahili kilikuwa na maneno mengi ya malipo kabla ya mkoloni kufika. Neno ushuru latoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni sehemu ya kumi. Lilihusu bidhaa zilizopita bandarini. Neno hongo, katika karne ya kumi na tisa, lilikuwa malipo ya halali: msafara uliotoka pwani kwenda bara ulimpa mtawala wa nchi nguo, shanga au waya ili upate njia na maji. Leo hongo ni rushwa. Neno limeshuka hadhi, kwa sababu mamlaka yaliyokuwa yakilipokea yaliondolewa, na malipo yake yakabaki bila sheria. Katika nchi za Waluba, mtu alimpelekea mkubwa wake mulambo, yaani sehemu ya mavuno, ya nyama au ya pembe.

Ikumbukwe kwamba hakuna hata moja kati ya malipo hayo lililodai nyumba. Lililodaiwa ni kilichopita njiani au kilichotoka shambani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya aliyeijenga, na ushahidi wake ulikuwa macho ya majirani.

Neno kodi lina tabia nyingine. Katika Kiswahili cha pwani hubeba maana mbili hadi leo: malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba, na malipo ya raia kwa serikali. Ndiyo maana msemaji wa Dar es Salaam akisema «kodi ya nyumba», wengi huelewa malipo ya upangaji. Akitaka kutaja ile ya serikali, husema «kodi ya majengo». Huku Katanga neno hilo lilielekea upande wa Leta. Jina hili Leta lenyewe ni Kifaransa kilichovaa mavazi yetu: l'État, Dola. Kodi ikawa kitu cha Leta, na Leta akawa mtu anayebisha hodi na daftari mkononi.

2. Nyumba iliyohesabiwa kama kichwa

Katika Afrika ya Mashariki, wakoloni walianza na kibanda. Serikali ya Kijerumani ilitangaza kodi ya nyumba na vibanda mwaka 1897, ikaanza kuikusanya mwaka 1898. Kibanda cha kawaida cha mashambani kilidaiwa rupia 3 kwa mwaka. Maakida na majumbe walipewa kazi ya kuhesabu. Katika Buganda, mapatano ya mwaka 1900 yaliweka rupia 3 kwa kila nyumba na rupia 3 kwa kila bunduki. Katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya, kanuni za kodi ya kibanda zilitoka mwaka 1901.

Kwa nini kibanda? Si kwa sababu kilikuwa na thamani. Mkoloni hakuwa na orodha ya watu, na kibanda hakikimbii usiku. Kuhesabu mapaa kulikuwa njia ya mkato ya kuhesabu wanaume, na kumdai kila mmoja fedha ambazo angezipata kwa kuuza mazao au kwa kwenda kazini kwa mzungu. Watu walielewa mara moja. Penye nyumba tatu pakabaki moja, na ndugu wakabanana ndani yake ili walipe mara moja tu. Serikali nayo ikajibu kwa kuongeza kodi ya kichwa juu ya ile ya kibanda, kama ilivyofanyika Kenya mwaka 1910.

Hapa pana jambo linalohusu hoja yetu. Daftari la kodi ya kibanda halikuwa daftari la mali. Liliandika kwamba fulani amelipa. Halikuandika kwamba ardhi iliyo chini ya kibanda ni yake. Kenya inatoa mfano mchungu: mtu aliweza kulipa kila mwaka kwa ajili ya kibanda chake, na mwaka uliofuata akahamishwa kwa sababu ardhi ile imegawiwa mlowezi.

3. Kongo: vitabu viwili

Dola Huru ya Kongo lilifuata njia nyingine, lakini lilifika mahali palepale. Amri ya tarehe 1 Julai 1885 ilitangaza kwamba ardhi zote zilizo «wazi» ni za Dola. Nani aliyeamua kwamba ardhi ni wazi? Ni Dola lenyewe. Mashamba yaliyolazwa ili yapumzike, misitu ya uwindaji, mahame ya vijiji, vyote viliweza kuitwa wazi.

Kwa ardhi zilizotolewa kwa Wazungu na kampuni zao, Dola lilifungua kitabu cha uandikishaji kwa kufuata mfano wa Torrens, uliobuniwa Australia ya Kusini mwaka 1858. Mfano huo una werevu wake: haki ya mtu haitegemei mlolongo wa barua za mauzo, bali ukurasa mmoja wa kitabu cha serikali. Cheti huandikwa mara mbili. Nakala moja hubaki kitabuni, nyingine hupewa mwenye haki. Hicho ndicho kitabu cha kwanza.

Kitabu cha pili kilikuwa cha Mwafrika, na humo haikuandikwa nyumba bali mwili. Mwanzoni kodi yake ilikuwa kazi na mazao. Sheria ya mwaka 1903 iliiweka kuwa saa 40 za kazi kwa mwezi, na mateso ya mpira yanajulikana duniani kote. Baada ya Ubelgiji kuitwaa nchi mwaka 1908, sheria ya tarehe 2 Mei 1910 iliweka kodi ya kichwa ya fedha kwa wanaume wazima, na nyongeza kwa mwenye wake zaidi ya mmoja. Aliyelipa aliwekewa alama katika kijitabu chake cha utambulisho. Asiyelipa alifungwa.

Tuutazame mji wa Elisabethville, ulioanzishwa mwaka 1910. Upande wa Wazungu, Kamati Maalum ya Katanga iliuza viwanja vilivyopimwa, kila kimoja na namba yake. Upande wa Waafrika, ng'ambo ya ukanda ulioachwa wazi makusudi, mtu alipewa lupango ili akae, si ili amiliki. Sheria ya mwaka 1931 ilipounda miji ya Waafrika iliyo nje ya mila, mkazi alipata kijitabu cha ukaaji, kilichoitwa kwa Kifaransa livret de logeur. Kijitabu hicho kilimruhusu kukaa. Hakikumfungulia kitabu cha kwanza.

Mlango ulianza kufunguka marehemu sana. Sheria ya tarehe 10 Februari 1953 iliwaruhusu Wakongo kuwa na mali binafsi ya nyumba na kiwanja. Miaka saba tu baadaye uhuru ulifika. Wakazi wa Katuba, Kenya, Ruashi na Albert (Kamalondo ya leo) waliingia katika uhuru, wengi wao wakiwa na alama za kodi katika kijitabu cha mwili na kibali cha ukaaji, na wachache mno wakiwa na ukurasa katika kitabu cha haki.

4. Baada ya uhuru: vitabu vyakutanishwa

Dola huru lilijaribu kuirudisha ardhi mikononi mwake. Sheria ya tarehe 7 Juni 1966, inayoitwa sheria ya Bakajika, ililenga kurudisha kwa taifa haki zilizogawiwa kabla ya tarehe 30 Juni 1960. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, ilikamilisha kazi hiyo: udongo ni mali ya Dola peke yake, wala hauuzwi. Raia hupewa haki ya kuutumia, na haki hiyo husimama kwa cheti cha uandikishaji tu, certificat d'enregistrement kama wasemavyo wote mjini. Cheti kikishatimiza miaka miwili bila kupingwa, hakiwezi tena kushambuliwa. Aliyedhulumiwa hubaki na njia ya kudai fidia, si nyumba. Kifungu hicho ni kisu chenye makali pande zote mbili: humlinda aliyeandikishwa kwa haki, na humlinda pia mwerevu aliyemtangulia mwenzake ofisini.

Upande wa kodi, sheria ya tarehe 10 Februari 1969 iliacha kuhesabu vichwa na kuanza kuhesabu ardhi na majengo. Miji na vijiji viligawanywa katika daraja nne. Villa ilitozwa kwa kila mita ya mraba. Majengo mengine kwa kiwango cha jumla kulingana na daraja la mahali. Mwenye haki alitakiwa kutoa tamko la mali yake kabla ya tarehe 1 Februari kupita. Katiba ya mwaka 2006 iliitia kodi ya ardhi katika mapato ya majimbo, na kwa hiyo ni ofisi za mapato za jimbo zinazoikusanya.

Kwa maandishi, basi, yale yaliyotengwa mwaka 1885 yalikutanishwa: anayedaiwa kodi ni mwenye haki. Kwa matendo, madaftari yalibaki katika nyumba mbalimbali. Komine ina karatasi ya lupango. Ofisi ya upimaji ina ramani na vipimo. Mlinzi wa hati za ardhi ana kitabu cha vyeti. Ofisi ya mapato ina orodha ya walipaji. Na katika miaka hiyohiyo majina yote yalihama. Elisabethville iliitwa Lubumbashi mwaka 1966. Kongo iliitwa Zaire mwaka 1971, na Katanga ikaitwa Shaba. Mwaka 1972, siasa ya Uhalisi iliwaamuru raia waache majina ya ubatizo na kuchukua majina ya mababu. Mwaka 1997 nchi ilirudia jina la Kongo, na wengi wakarudia majina ya ubatizo.

Mwanaisimu hupenda kusema kwamba jina na kitu kinachotajwa havina ndoa ya kudumu. Katika ofisi ya ardhi, talaka hiyo hulipwa kwa nyumba.

5. Jina na namba

Mwandishi wa makala haya aliyaona hayo nyumbani kwao, alipokuwa mwanafunzi. Babu alijenga Katuba katika miaka ya mwisho ya ukoloni, akafariki, akamwachia bibi lupango na sanduku. Siku moja alikuja mtu tusiyemjua, mwenye karatasi iliyoonekana nzuri, akasema amenunua mahali pale.

Bibi hakulia. Alifungua sanduku, akachukua bahasha, akanishika mkono twende. Katika ofisi ya kwanza karani alizitazama risiti moja moja, kwa heshima, kisha akasema: «Mama, umelipa vizuri. Lakini karatasi hizi zinasema umelipa; hazisemi nyumba ni ya nani.» Katika ofisi ya pili jina la babu halikuonekana. Tulirudi mara tatu. Jina lile halikuwamo.

Mara ya nne tulimkuta mzee aliyekuwa amebakiza miezi michache kustaafu. Hakuuliza jina. Aliuliza: «Mama, namba ya lupango ni ngapi?» Bibi aliitaja bila kutazama karatasi. Mzee alifungua kitabu kwa namba, akageuza kurasa, akatuonyesha. Lupango ulikuwapo, umeandikwa kwa jina la ubatizo la babu, ambalo tangu mwaka 1972 hakuna aliyelitumia nyumbani. Sisi tulikuwa tumemtafuta kwa jina la ukoo.

Likabaki swali moja: nani atathibitisha kwamba wenye majina hayo mawili ni mtu mmoja? Jibu lilitoka chini kabisa ya bahasha. Ni kijitabu cha utambulisho cha wakati wa Wabelgiji, chenye alama za kodi ya kichwa. Humo majina yote mawili yalikuwa yameandikwa mstari mmoja, pamoja na kijiji na mtawala wake. Kile kitabu cha mwili, kilichomdhalilisha babu kila mwaka, ndicho kilichomfungulia mjane wake ukurasa katika kitabu cha haki. Karatasi ya yule mdai, ilipolinganishwa na ramani, ilikuwa na namba isiyo ya kwetu. Hakurudi tena.

Twasimulia hayo si kwa kujisifu. Kama mdai yule angetangulia kuandikishwa, na miaka miwili ikapita bibi akizitegemea risiti zake, makala haya yangeandikwa na mpangaji.

6. Jicho kwa jirani

Nchi nyingine za Kiswahili zinakabili swali lilelile, kila moja kwa njia yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi za ardhi na majengo, na kaunti hizo zilianza kazi mwaka 2013. Huko, anayetaka kuhamisha haki ya kiwanja chenye kodi hiyo hutakiwa kuonyesha cheti cha kaunti kwamba hadaiwi. Kwa hiyo kitabu cha mlipaji na kitabu cha mwenye haki hulazimika kuonana angalau siku ya mauzo. Mwenye deni huligundua siku hiyo, pengine pamoja na malimbikizo ya miaka mingi ya marehemu babake.

Tanzania ilichukua njia nyingine mwaka 2021: kodi ya majengo ikaanza kukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU. Makusanyo yakawa mepesi, kwa maana mita ya umeme, kama kibanda cha mwaka 1898, haikimbii. Lakini mara moja lilizuka swali: anunuaye umeme mara nyingi ni mpangaji, hali mdaiwa ni mwenye nyumba. Hapo maana mbili za neno kodi, tulizozitaja mwanzoni, zilikutana katika mita moja. Mpangaji hulipa kodi ya upangaji kwa mwenye nyumba, na kodi ya majengo kwa niaba yake, na kama hawakupatana, hapati nafuu kwa lolote.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba kodi ya nyumba haikuanza kama kodi ya mali. Ilianza kama hesabu ya watu waliotakiwa kutoa jasho, nayo kumbukumbu ya mali iliwekwa pembeni kwa ajili ya wengine. Sheria za baada ya uhuru zilikutanisha mambo hayo mawili katika maandishi, lakini madaftari bado yako katika nyumba mbalimbali, na mabadiliko ya majina yamezidisha giza.

Kutokana na historia hiyo, mambo matatu yawafaa wasomaji wetu, ambao wengi wao wana wazazi wenye masanduku. Kwanza, kabla ya kulipa, na mtafute namba ya lupango, si jina tu. Jina limebadilishwa na siasa, namba mara nyingi imekaa. Pili, baada ya kulipa, na mhakikishe kwamba risiti inataja namba hiyo na mwaka unaolipiwa, kisha mwulize katika kitabu cha vyeti ni nani aliyeandikwa humo. Tatu, msitupe karatasi ya zamani kwa sababu fedha yake imekufa. Faranga ya mkoloni haiwezi kununua chumvi leo, lakini mstari ulioandikwa juu yake waweza kuokoa nyumba.

Kwa upande wa wanafunzi wa idara yetu, kazi ni nyingi. Historia ya miji yetu imekwisha kuandikwa kwa Kiswahili na wakazi wenyewe: ile Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, iliyokusanywa na André Yav mwaka 1965, ni ushahidi. Risiti, vijitabu na kurasa za komine nazo ni maandishi, na maneno yaliyozizunguka, kodi, Leta, lupango, ni historia inayosemwa kila siku. Wenye kuzifahamu karatasi hizo wanazidi kupungua. Bibi alifariki miaka michache baada ya safari ile. Namba ya lupango tumeiandika nyuma ya picha yake ya ndoa.